Podo la kufunga kwenye upinde: lipi linastahili hela yako na lipi uliache hukohuko dukani

Mtu akinunua upinde wa kompaundi (ule wa kapi na nyaya) kwa mara ya kwanza hela yote huwa inaishia kwenye upinde wenyewe, saiti ya kulengea na mishale, afu likija suala la podo, yaani ala ya kubebea mishale, anachukua lolote lililoning'inia pale ukutani dukani, au anaridhika na lile lililokuja bure ndani ya paketi. Hilo ndo linaloniudhi. Podo la kwenye upinde limebeba vyembe vitano, yale makali ya mbele ya mishale, vinavyoweza kunyoa ndevu, viko sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako na paja lako, gizani, ukiwa umechoka, ukiwa unakatiza kijito saa kumi na moja alfajiri. Na bado watu wanalichagua kwa rangi. Madoadoa yafanane na koti, basi, wameshalipa.

Niko Missouri. Huku msimu wa mishale wa kulungu mkia mweupe unaanza tarehe 15 Septemba unaenda mpaka tarehe 15 Januari, unakatika tu Novemba wakati wa bunduki, kwahiyo ni msimu mrefu, podo linapigwa na joto la Septemba na linapigwa na barafu ya Januari, plastiki mbovu lazima ijulikane tu. Upande wa kaskazini wengi wanakaa juu ya dungu la mtini pembeni ya mashamba ya mahindi na soya, ila ukishuka kusini kwenye vilima vya Ozark unaweza ukatembea kutwa nzima kwenye mialoni. Hizo ni aina mbili za uwindaji na karibu kila nitakachosema hapa kinaegemea hapo. Kabla hujauliza podo lipi zuri jiulize wewe ni mtu wa kukaa au mtu wa kutembea, maana muuzaji hatakuuliza, yeye atakuonyesha la bei kubwa.

Kwanza kwa nini lifungwe kwenye upinde na lisikae mgongoni au kiunoni. La mgongoni linapendeza kwenye picha, lakini porini ukiinama kupita chini ya tawi mishale inateleza kuja mbele na manyoya yanakwaruza kila jani, kulungu kashakusikia zamani. La kiunoni ni safi kwenye uwanja wa shabaha, ila vichakani linanasa. La kwenye upinde linaweka kila kitu mkono mmoja, mkono wa pili unabaki huru kwa darubini, kwa kutambaa, kwa kusukuma miiba. Wala wazo lenyewe si geni kwetu, Wahadzabe kule Ziwa Eyasi mara nyingi utawaona wameshika upinde na mishale kwa mkono uleule, na wanakimbia nayo hivyohivyo. Huku aliyesaidia sana mtindo huu uzoeleke ni Fred Bear wa Michigan, yule mzee wa kofia, alifariki 1988, na vitu vyake vingi viko kwenye makumbusho ya mishale pale duka la Bass Pro la Springfield, hapahapa Missouri. Ukipita Springfield ingia, hata kama huwindi. Afu kompaundi yenyewe ni ya jimbo hili, Holless Wilbur Allen ndo aliyepewa hataza yake 1969, na wazee wa huku hawakuachi usahau.

Haya, tuje kwenye chuma chenyewe.

Kitu cha kwanza ninachoangalia, kabla ya jina la kampuni, kabla ya bei, ni podo linakaa umbali gani kutoka kwenye raiza, yaani ile sehemu ya kati unayoshika. Mshale wa kuwindia wa kawaida una greni 400 mpaka 500, tuseme 450, hiyo ni kama gramu 29, ukiweka mitano una gramu 146 hivi, jumlisha podo tupu ambalo mengi yako kati ya gramu 200 na 400, kwahiyo umening'iniza karibu nusu kilo upande mmoja wa upinde. Sasa nusu kilo ikikaa imegusana na raiza mkono hausikii sana. Ikisogezwa nje sentimita saba, nane, ule upinde unaanza kulala upande wa podo, na kwa mtu wa mkono wa kulia podo liko kulia kwahiyo upinde unalalia kulia, saiti inalala nayo, na kadiri mnyama alivyo mbali ndivyo mshale unavyozidi kwenda pembeni. Wewe unasema mkono umetetemeka. Wengine wanaenda kununua stebilaiza (fimbo ya uzito) ya pembeni kushoto ili kusawazisha, yaani umenunua uzito wa kusawazisha uzito, wakati podo lililokaa karibu lingemaliza hiyo kesi bure.

Jaribio la dukani ni rahisi na halina gharama. Nenda na mishale yako mwenyewe, usikubali ile ya maonyesho. Jaza podo, lifungwe kwenye upinde wako, nyoosha mkono bila kukaza kiganja, funga macho hesabu mpaka tano, fungua, tazama kile kipovu cha maji kwenye saiti. Kikikimbia pembeni kabisa, rudisha podo ukutani hata kama lina jina kubwa.

Kuhusu upepo, watu wa dungu pembeni ya shamba mnajua, upepo wa Novemba ukivuma kutoka pembeni podo lililojaa manyoya linashika kama tanga na mkono unasukumwa. Hapo tena lililobana linashinda lililotanuka.

Cha pili, na hapa ndo watu wengi wanalizwa siku hizi, ni kishikio cha raba. Mishale imekonda. Zamani karibu kila mtu alikuwa na uti wa unene mmoja wa kawaida, sasa hivi kuna wa milimita 6, wa milimita 5 kama Easton Axis, na ile myembamba kabisa ya milimita 4, hizo namba ni za tundu la ndani lakini na nje nako inapungua. Podo lililotengenezwa kwa mshale mnene ukiliwekea mwembamba raba haing'ati. Pale dukani unaona umeshika vizuri, sababu hakuna anayekimbia dukani. Subiri uruke mtaro. Au subiri Januari raba iwe ngumu kwa baridi. Afu ukifyatua, ule mtikisiko unaolegeza mshale kidogo kidogo, baada ya siku mbili tatu za mazoezi unakuta mmoja umeshashuka nusu inchi na chembe imetoka kwenye sponji. Kinyume chake pia kipo, mshale mnene kwenye raba ya mshale mwembamba, unauvuta kwa nguvu podo lote linalia kwaa, mnyama kaondoka na wewe umebaki na mshale mkononi.

Namna ya kupima: weka mshale, shika manyoya upande wa noki, ule mwisho unaoingia kwenye uzi, uzungushe taratibu. Uzunguke kwa shida kidogo. Ukizunguka kirahisi, haufai, na ukigoma kabisa napo haufai. Afu geuza upinde kichwa chini utikise kama mtu mwenye hasira. Muuzaji atakutazama vibaya, mwache atazame. Na muulize kama kampuni inauza kishikio cha akiba cha mishale myembamba, baadhi wanauza peke yake kwa bei ndogo, na hiyo ni alama kwamba wamefikiria.

Podo zuri lina vishikio viwili, kimoja karibu na kofia inayofunika chembe na kimoja chini, na viko mbali mbali. Lenye kishikio kimoja mshale unacheza kule mwisho, manyoya yanagongana, na sauti ya manyoya kugongana asubuhi ya ukungu inasafiri hatari.

Cha tatu, kofia. Kofia ndo usalama wako. Kwenye mafunzo ya wawindaji wa mishale huku, yale ya NBEF, taasisi ya kitaifa ya elimu ya wawindaji wa mishale, ambayo majimbo kadhaa yanayatambua, jambo linalorudiwa mpaka unachoka ni kwamba chembe zifunikwe zote, na wana sababu, maana wengi wanaojikata porini wanakatwa na chembe zao wenyewe. Kwahiyo angalia kina cha kofia: makali yote yaingie ndani, hakuna ncha ya blade inayochungulia pembeni. Ukitumia chembe ya blade mbili pana pima kabisa kwa mkono, kuna kofia nyembamba ambazo chembe ya inchi moja na nusu inakaa imebanwa kwenye ukuta wa plastiki, inaanza kuuchonga, na hapo makali yanakufa.

Ndani ya kofia kuna sponji au raba. Sponji laini ni kimya, ila chembe za blade zisizofunguka zinaikata vipande, kila ukichomeka unaongeza tundu, mwisho wa msimu ndani kuna unga unga tu na mshale haujashikwa na kitu. Uliza kama sponji inabadilishwa. Raba ngumu zenye matundu zinakaa miaka ila zinataka chembe iingie palepale, gizani unatafuta tundu kwa kubahatisha na hilo silipendi. Kwa wenye chembe za kufunguka, hizi za mekaniki, angalizo: ukizisukuma ndani ya sponji ngumu au ukivuta mshale kwa pembe, blade zinaweza kufunguka ndani humohumo au kale kapete ka raba kakakatika, unaweka mshale kwenye upinde ukiwa na chembe iliyofunguka nusu. Chomeka moja kwa moja, vuta moja kwa moja, na kila ukitoa utazame kwa jicho kabla hujauweka kwenye uzi.

Na kwa wa dungu: upinde unapandishwa kwa kamba baada ya wewe kufika juu na kujifunga mkanda, mishale yote ikiwa ndani ya podo na kofia imefunika. Usipande na upinde mkononi. Hili halina mjadala.

Kelele. Kila podo linakuja limeandikwa kimya, kimya, kimya. Gonga raiza kwa kifundo cha kidole podo likiwa limejaa, sikiliza. Ukisikia zzz, kuna kitu kimelegea, mara nyingi ni breketi inayoshikilia podo kwenye upinde, na wakati mwingine ni kofia yenyewe ya plastiki nyembamba. Zile zenye fimbo mbili za kaboni zinazounganisha kofia na kishikio kwa kawaida zinatikisika kidogo kuliko za fimbo moja ya alumini, na kaboni haigandi vidole asubuhi ya baridi, hilo hakuna anayeliandika kwenye boksi ila vidole vyako vitashukuru.

Sasa lile swali la kutoa au kuacha. Mtu wa dungu anafika juu, anatoa podo, analining'iniza kwenye ndoana ya mti mkono wa kulia, anabaki na upinde mwepesi wenye mshale mmoja. Kwa huyu breketi ndo kila kitu. Iwe ya kutoa kwa mkono mmoja, ukiwa na glavu, bila mlio. Ziko za wenzo mdogo unaougeuza, ziko za kusukuma na kuvuta, ziko za skrubu ya kuzungusha ambazo kwa maoni yangu ni za mtu anayekaa chini akinywa chai. Kitanzi cha kuning'inizia kiwepo kwenye podo, ukikuta hakipo jiulize aliyelitengeneza ameshawahi kupanda mti kweli.

Mtu wa kutembea, anayenyemelea, yeye halitoi. Anapiga mshale podo likiwa palepale. Kwa huyo breketi ya kufungwa kwa bolti moja kwa moja ni bora, kitu kidogo cha kulegea. Na asiyejua ajue: ukipanga saiti yako podo likiwa limefungwa, winda likiwa limefungwa. Ukiipanga bila podo, winda bila podo. Uzito ukibadilika na mkao wa upinde unabadilika na mshale unaweza kuhama. Wengine hawaoni tofauti mpaka mita 20, wakifika 40 wanashangaa. Na uzoee kulenga likiwa limejaa na likiwa na mishale miwili pia, maana ukishapiga mmoja uzito nao umepungua.

Majina sasa, maana najua ndo mnachosubiri.

TightSpot ndo ambalo watu wa kutembea wengi wanaishia nalo na sioni ajabu. Fimbo za kaboni, linasogezwa karibu na raiza, juu, chini, mbele, nyuma, unalinamisha unavyotaka, linakaa limebana upinde kweli kweli. Kuna la mishale mitatu, mitano na saba. Bei yake si ya mchezo, ni juu ya dola 100 na linasogea zaidi kulingana na rangi na duka, na kurekebisha kwake kunataka uvumilivu, elenki (ufunguo wa pembe sita) mkononi na mtu wa pili wa kushika upinde. Ukishalipata umelipata. Kwa mtu wa dungu pekee ambaye analitoa kila siku naona ni hela nyingi kwa kitu kitakachoning'inia kwenye mti.

Kwikee Kwiver liko upande wa pili kabisa. Ni la plastiki, la zamani, halina mbwembwe, jepesi, linatoka haraka, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya lile la kwanza. Halibani raiza vile, na mtu akilishika mara ya kwanza anaona kama la mtoto. Ila kwa kazi ya dungu, kufika, kutoa, kuning'iniza, kurudisha, sijaona sababu ya kulipa zaidi. Kama bajeti yako ni ndogo na unawinda kwa kukaa, ishia hapa, pesa iliyobaki nunua chembe nzuri au mkanda mzuri wa mtini.

Mathews, kampuni ya pinde, wana lao la LowPro ambalo linaingia kwenye raiza yenyewe, linakaa limelala karibu sana, lilitoka pamoja na upinde wao wa V3X. Ni zuri sana, linatoka vizuri, limekaa sawa kama limezaliwa na upinde. Tatizo ni hilohilo, limezaliwa na upinde. Ukibadilisha kampuni ya upinde, podo unaliacha. Hoyt, kampuni nyingine ya pinde, nao wana ya kwao na hadithi ni ileile. Kama wewe ni mtu wa kukaa na upinde mmoja miaka kumi, chukua. Kama kila baada ya misimu miwili unauza upinde unanunua mwingine, nunua podo la kufunga popote.

Trophy Ridge Lite-1 lina kataa kadogo ndani ya kofia ili uone mishale yako gizani. Wengine wanacheka, mimi nakaona kana maana, hasa kwa kile kipengele cha kutafuta tundu asubuhi. Lakini soma sheria ya jimbo unakoenda, kuna majimbo ya magharibi, Idaho ikiwemo, yenye masharti juu ya vifaa vya umeme vilivyofungwa kwenye upinde.

Kwa wenye upinde wa mbao, rikavu na longbow, dunia yenu ni nyingine. Huko hakuna matundu ya skrubu mara nyingi, kwahiyo kuna Great Northern linalofungwa kwa mikanda, na Selway lenye kofia ya ngozi linaloteleza kwenye mikono ya upinde. Selway ni zuri kwa macho, na ngozi ni kimya, sema ngozi ikilowa siku nzima ikaushe taratibu mbali na moto. Podo kwenye upinde mwepesi hivyo linabadilisha namna upinde unavyopiga kuliko kwenye kompaundi, kwahiyo lenga upya kabisa.

Afu kuna yale ya dola 20, 25, yasiyo na jina au yenye jina linalobadilika kila mwaka, na yale ya kwenye paketi ya upinde wa kuanzia. Nilikaa na moja la hivyo, sitalitaja. Breketi ilikuwa ya plastiki, tundu la bolti likatanuka, podo likaanza kuinama lenyewe kila nikipiga, nikalikaza, likapasuka, na kofia ilikuwa fupi ncha zinaonekana kwa pembeni. Chembe kuonekana tu ni sababu tosha ya kulitupa. Kama lako la paketi lina kofia ya kina na raba inang'ata, litumie, hakuna aibu. Kama moja kati ya hayo mawili halipo, liuze kwa mtu wa shabaha tu anayetumia ncha butu.

Idadi ya mishale watu wanabishana sana. Kwa kulungu wa dungu mitatu inatosha, minne ni ya kujihami. Mara nyingi unapata nafasi moja, siku nzuri mbili. Mitano ni ya anayetembea, au anayebeba mmoja wenye ncha butu kwa ajili ya sungura na mazoezi ya njiani. Saba ni kwa wale wanaopanda milima ya Colorado kutafuta elki, wale kulungu wakubwa, siku kadhaa mbali na gari, huku kwetu ni kubeba kuni. Kila mshale unaoongeza ni uzito upande uleule tuliouzungumzia.

Urefu nao msiusahau. Ukiwa na mishale mirefu na podo limefungwa chini, manyoya yanapita kapi la chini na ukiuegesha upinde ardhini yanagusa tope, yanapinda. Podo likipandishwa sana kofia inagongana na tawi na inaanza kukaa karibu na jicho. Vuta upinde mpaka mwisho dukani, ukiwa na mshale kwenye uzi bila shaka, usiuvute mtupu ukauachia utauvunja, na mtu wa pili aangalie manyoya ya kwenye podo yasiguse uzi wala nyaya wala kapi.

Hapo ndo ninapokuja kwenye suala la kununua wapi. Duka kubwa la kila kitu lina bei nzuri na ofa za Agosti, ila kijana wa kaunta leo yuko mishale kesho yuko mahema. Kaduka kadogo ka pinde chenye fundi mmoja mwenye presi ya kubadilishia uzi ni bora hata kama analipisha dola kumi zaidi, maana atakufungia, atakusogezea, atakuacha upige kwenye uwanja wake wa nyuma na kurekebisha tena bila kununa. Ninakoenda mimi jamaa ni mwongeaji, utaondoka na hadithi za kulungu wa 1990 na kitu, lakini podo lako litakaa sawa. Mtandaoni nunua tu kama unajua kabisa raiza yako inakubali breketi ipi.

Na ile bei inayokuuma, sehemu yake ni kodi ya serikali kuu, asilimia 11 anayolipa mtengenezaji kwenye pinde, mapodo na chembe, inaingia kwenye mfuko wa Pittman-Robertson ulioanzishwa kwa sheria ya 1937, hela inarudi majimboni kutunza wanyama na mapori na viwanja vya shabaha. Hii ni kodi moja ambayo sinung'uniki sana.

Wale wanaoniuliza kuhusu kurudi na upinde na podo nyumbani Afrika Mashariki: Kenya uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania ni leseni chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009, ukikutwa porini na upinde na vyembe bila karatasi hiyo ni kesi, podo liwe la dola 20 au 200. Uwanja wa shabaha ni jambo tofauti. Kwenye ndege chembe na podo vinaingia kwenye mzigo wa chini, vyembe vitolewe kwenye mishale vikae kwenye boksi lake gumu.

Mwisho kwa ndugu zangu wa mkono wa kushoto, wengi mnauziwa la kulia mnaambiwa litageuzwa. Mengine yanageuzwa kweli, breketi inahamishwa upande na kofia inazungushwa. Mengine, TightSpot likiwemo, yanauzwa ya kulia na ya kushoto kila moja na boksi lake. Soma boksi kabla hujatoa kadi, na usiondoke dukani mpaka uone limefungwa kwenye upinde wako.